Chakula cha Kubeba cha Mtoto wa Shule katika Nyanda za Juu za Kasulu na Kibondo

 Heshima ya pekee inawastahili akina mama waliokaa safu za nyuma, kwa sababu mengi yatakayosemwa hapa wao wanayajua kwa mikono yao, na kazi ya mhadhara ni kuyapanga na kuyaeleza sababu zake.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kuonyesha kwamba chakula cha kubeba, yaani chakula cha mchana kinachoandaliwa nyumbani, kikafungwa, kikaliwa na mtoto shuleni mbali na macho ya mzazi, kinaweza kuwa kitamu, salama, chenye lishe na cha kupendeza kwa kutumia mazao ya nyanda hizi hizi, na kwamba ubunifu unaohitajika unategemea maarifa kuliko fedha. Ubunifu katika maana hii ni uwezo wa kukipanga kitu kilichozoeleka kwa namna itakayomfanya mtoto akitazame upya na kutamani kukila. Hoja zitakazotolewa ni tano, na hazitakuwa na urefu sawa, kwa kuwa nyingine zinajulikana na kukubalika tayari, ilhali nyingine zinahitaji kubishaniwa.

Hoja ya kwanza inahusu sababu za kubeba chakula. Katika sehemu nyingi za Buha, nchi ya Waha inayoanzia Kasulu na Buhigwe hadi Kibondo na Kakonko, makazi yalisogezwa kando ya barabara wakati wa operesheni za vijiji za mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku mashamba mengi yakibaki kule kule yalikokuwa, mabondeni na nyuma ya vilima. Kwa hiyo mama anayetoka alfajiri kwenda kulima hawezi kuwa nyumbani saa saba mchana kumpakulia mtoto, na mtoto anayerudi hukuta mlango umefungwa na jiko limepoa. Baadaye Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada kuanzia Januari 2016, na Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukafafanua mgawanyo wa majukumu, ambamo chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kuwa wajibu wa mzazi. Wapo wazazi waliofikiwa na nusu ya kwanza ya habari hiyo, ile ya kuondolewa kwa ada, na nusu ya pili haikuwafikia kwa uwazi ule ule. Hilo linapaswa kusemwa bila kuwalaumu, kwa sababu tangazo la kuondolewa kwa malipo husikika haraka kuliko tangazo la wajibu.

Inafaa pia kusemwa kile ambacho chakula hiki hakiwezi kufanya. Udumavu, yaani hali ya kimo cha mtoto kuwa chini ya kile kinachotarajiwa kwa umri wake, ulipungua nchini Tanzania kutoka watoto 34 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano katika utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 hadi watoto 30 katika utafiti wa 2022. Lakini udumavu hujengeka tangu ujauzito hadi mwaka wa pili wa maisha, na mtoto anapoingia darasa la kwanza sehemu kubwa ya athari hiyo imekwisha kutokea. Kopo la chakula haliwezi kuufuta. Linaloweza kufanya ni kumpa mtoto nguvu ya kufuata somo la alasiri, kumsaidia asipungukiwe damu, na, jambo linalosahauliwa mno, kumzoeza aina za vyakula ambazo kesho atawapikia watoto wake mwenyewe kabla hawajafikia umri wa miaka miwili.

Hoja ya pili ni kwamba ardhi hii ina kila kinachohitajika. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, inafundisha kuvigawa vyakula katika makundi, nayo ni nafaka, mizizi na ndizi za kupika, mikunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mbogamboga, matunda, na mafuta yaliyo salama pamoja na asali kwa kiasi. Mtu akisimama katika soko la Kasulu au la Kibondo asubuhi ya siku ya gulio, akazunguka mara moja tu, atayakuta makundi hayo yote yamepangwa chini juu ya magunia. Swali linalostahili kuulizwa basi ni kwa nini kopo la mtoto, pale anapobebeshwa kopo, mara nyingi lina kundi moja tu, na jibu lake haliko katika umaskini peke yake, kwa kuwa hata nyumba zenye uwezo hufanya hivyo hivyo.

Chakula kikuu cha Buha, ugali wa muhogo kwa maharage, kinastahili heshima, na mhadhara huu haukuja kukishusha hadhi. Muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana, wakati maharage makavu yana protini inayokaribia au kuzidi kidogo sehemu ya tano ya uzito wake. Waliounganisha viwili hivyo walikuwa wamegundua mlo unaofidiana kabla lishe haijawa somo la chuo. Maharage ya Kigoma yanatafutwa hadi masoko ya Dar es Salaam, na ingekuwa ajabu kama mtoto wa mkulima wake angepelekwa shule na andazi tupu huku gunia la maharage likisubiri lori. Kinachokosekana katika mlo huo ni vitu vitatu, navyo ni vitamini A, vitamini C inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma, na kalisi ya mifupa.

Vitamini A inapatikana kwa wingi katika viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinavyoitwa viazi lishe, ambavyo mbegu zake za Kabode na Mataya ziliidhinishwa nchini mwaka 2010. Inapatikana pia katika papai, embe, majani ya mboga, na katika mawese yanayopanda kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi milimani katika madumu ya njano. Mawese yasiyochujwa rangi yake nyekundu yana kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kwa kuwa kiini hicho huyeyuka katika mafuta, kijiko kimoja cha mawese juu ya maharage au viazi huleta lishe na njia yake ya kufyonzwa kwa pamoja, kikaongeza rangi ambayo mtoto huiona mara tu mfuniko unapofunguliwa. Kalisi inaletwa na dagaa wa Tanganyika, kwa sababu dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, tofauti na mgebuka ambao mifupa yake hutupwa. Kuhusu vitamini C, tunda la kuzingatiwa ni pera, ambalo kwa uzito ule ule lina vitamini hiyo karibu mara nne ya chungwa, na ambalo katika vijiji vingi huota lenyewe kando ya njia, likaachiwa ndege na watoto wachungaji kana kwamba halina thamani.

Hapa wasikilizaji wataruhusu kituo kidogo juu ya chai. Chuma kilichomo katika maharage hufyonzwa kwa shida, na chai ya rangi inywewayo pamoja na mlo huongeza shida hiyo, wakati pera au ndimu huipunguza. Kwa hiyo mtoto anayekula maharage na kushushia pera ananufaika na maharage yale yale kuliko mwenzake anayeshushia chai, ingawa wote wawili wametoka na sahani zinazofanana. Kadhalika chumvi: Uvinza, iliyo katika mkoa huu huu wa Kigoma, imepika chumvi kutokana na maji ya chemchemi zake kwa zaidi ya miaka 1,000, lakini chumvi inayofaa kwa mtoto wa milimani ni ile iliyoongezwa madini joto, yaani madini yanayouzuia uvimbe wa shingo uitwao rovu, na inapaswa kuhifadhiwa katika chombo kilichofunikwa ili madini hayo yasipotee.

Hoja ya tatu inahusu chakula kinachostahimili njia, na ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote, kwa kuwa uzuri wa chakula kilichoharibika hauna maana yoyote. Chakula kilichopikwa kikakaa katika joto la wastani, yaani kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi, huwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana, na kopo lililofungwa saa kumi na mbili asubuhi likaliwa saa saba mchana limekaa katika hali hiyo kwa muda wa saa saba. Asubuhi za Kasulu na Kibondo, miji iliyo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huwa na baridi hasa Juni na Julai, lakini baridi ya asubuhi haimlindi mtu na jua la mchana linaloingia darasani kupitia dirishani. Hotipoti, yaani chombo chenye kuta mbili kinachohifadhi joto, husaidia ikiwa chakula kimeingia kikiwa cha moto sana. Kikiingia vuguvugu chombo hicho hugeuka kuwa mahali pazuri pa kukuzia vijidudu.

Kwa sababu hiyo busara iko katika kuchagua vyakula vikavu au vinavyojilinda. Viazi vitamu na magimbi yaliyochemshwa asubuhi hiyo, yakaachwa mvuke utoke kabla ya kufunikwa, karanga za kukaanga, mahindi ya kuchoma, bajia za kunde, dagaa waliokaangwa hadi wakauka, yai la kuchemsha lililobaki ndani ya ganda lake, ndizi mbivu katika ganda lake, chungwa lisilomenywa: vyote hivi husafiri vizuri. Wali wa jana, maharage yenye mchuzi mwingi, maziwa yasiyochemshwa na nyama yenye rojo havifai safari hiyo. Ugali nao, ingawa ni mfalme wa mezani, haubebeki kwa raha, maana unapopoa wanga wake hukaza na kutoa maji, ukawa mgumu juu na wenye unyevu chini. Afadhali ubaki kuwa chakula cha jioni, na muhogo uingie katika kopo kwa sura nyingine, kama vile vipande vya muhogo mtamu vilivyochemshwa na kupakwa karanga zilizosagwa. Muhogo mchungu una sumu inayotolewa kwa kulowekwa siku kadhaa, kuanikwa na kusagwa, kwa hiyo haufai kabisa kuchemshwa na kubebeshwa mtoto kwa haraka za asubuhi.

Karanga na mahindi yana hatari yake ambayo haionekani kwa macho kila mara. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, iliua watu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitolewe moja moja kabla ya kukaangwa, na kazi hiyo anaweza kuifanya mtoto mwenyewe jioni, akajifunza kwa vidole vyake tofauti ya karanga nzima na mbovu.

Kuhusu vifungashio, katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa lililoanza tarehe 1 Juni 2019 liliwakumbusha wengi jani la mgomba, ambalo likibabuliwa juu ya moto hulainika, likakubali kukunjwa bila kupasuka, na likatia harufu nzuri kwenye viazi na dagaa. Jani hilo ni safi, halina gharama, na baada ya kuliwa kilichomo hurudi shambani. Kopo lenye mfuniko lifuatwe na maji yaliyochemshwa katika chupa au kidumu kidogo, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa kitu kibaya kuliko vyote katika safari ya chakula mara nyingi ni kiganja kinachokipeleka kinywani.

Hoja ya nne ni jicho na mkono wa mtoto, na hapa ndipo furaha inapoingia. Watafiti wa malezi ya ulaji, akiwemo Leann Birch wa Marekani aliyeanza kuchapisha matokeo yake tangu miaka ya 1980, walionyesha kwamba watoto huwa na woga wa chakula kigeni, na kwamba woga huo hupungua kwa kuonja tena na tena bila kulazimishwa, wakati mwingine mara 8 hadi 15, ndipo chakula kikubalike. Mzazi anayejaribu kuweka karoti mara mbili, zikarudi, akahitimisha kwamba mtoto wake hali karoti, ameacha mapema mno. Kopo la shule linafaa sana kwa kazi hii kwa sababu linaweza kubeba kipande kidogo cha kitu kigeni kando ya kitu kinachopendwa, na mtoto akakionja mbele ya wenzake, ambao ushawishi wao mara nyingi hushinda ule wa mama.

Wajapani wana desturi ya kopo la chakula liitwalo bento, ambamo mpangaji hujitahidi kuingiza rangi tano, yaani nyekundu, njano, kijani, nyeupe na nyeusi. Mtu asidhani kwamba desturi hiyo inahitaji mchele wa Japani. Chungwa la kiazi lishe, kijani cha parachichi au cha matango, nyeupe ya yai na ya muhogo, wekundu wa nyanya au wa maharage, na weusi wa zambarau, yaani yale matunda madogo yanayopaka ulimi rangi, vinapatikana Kasulu kwa nyakati zake. Kiazi kikikatwa kwa mshazari kinatoa vipande virefu vya umbo la yai. Kikikatwa kwa kukingama kinatoa duara zinazoweza kupangwa mbili mbili zikifunika karanga zilizosagwa kwa mguso wa asali ya misitu ya miombo ya Kibondo. Chapati ikitandazwa yai lililokaangwa na nyanya kisha ikaviringishwa, kama wafanyavyo wauzaji wa mitaani nchini Uganda, inakuwa mlo wa mkono mmoja. Maharage yaliyochemshwa hadi yakalainika, yakapondwa na kitunguu na karoti iliyokunwa, yakafinyangwa viduara na kukaangwa mpaka yakauke, hubadilika kabisa machoni pa mtoto ambaye jana yake aliyakataa kwenye bakuli.

Mtoto apewe nafasi ya kuchagua, lakini katika mipaka aliyoiweka mzazi: aulizwe kama anataka pera au ndizi, asiulizwe kama anataka tunda. Mtoto wa darasa la pili anaweza kumenya yai, kuosha matunda na kupanga kopo. Wa darasa la tano anaweza kukata viazi na kukaanga karanga akisimamiwa. Wavulana wasiachwe nje ya kazi hizi, kwa kuwa wao pia watakuwa wazazi, na baba anayejua kufunga chakula cha mwanawe siku mama anapokuwa kliniki au gulioni hapungukiwi na heshima yoyote. Akina baba waliohudhuria wanaombwa walifikirie hilo kwa uzito wake, kwa sababu katika nyumba nyingi mzigo wa alfajiri umebebwa na mtu mmoja, na ubunifu haukai na uchovu.

Hoja ya tano ndiyo inayoweza kuleta ubishi. Shule nyingi zina utaratibu wa chungu cha pamoja, ambapo wazazi huchangia mahindi na maharage, kuni na ujira wa mpishi, na watoto wakala makande au uji, na mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni unahimiza utaratibu huo. Msimamo wa mhadhara huu ni kwamba chakula cha kubeba kisiwe njia ya wenye nacho kujitoa katika chungu hicho. Nyumba kumi zenye uwezo zikiacha kuchangia kwa sababu watoto wao wana makopo mazuri, chungu hupungua kwa watoto waliobaki, na baada ya muda mfupi kopo hugeuka alama ya kutenganisha watoto waliokaa dawati moja. Pale penye chungu, kopo liwe dogo na la kukamilisha: yai, pera, kipande cha parachichi, kiganja cha karanga, vitu ambavyo makande hayana. Pale pasipo na chungu, kopo ni mlo kamili, na mwalimu wa darasa awe na njia ya staha ya kumtambua mtoto asiye na kitu na kumlisha bila kumtaja mbele ya wengine.

Kuna watoto ambao hoja hii inawagusa zaidi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na ile ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Familia za kambini zimetegemea mgawo wa unga, mikunde, mafuta na chumvi, vyakula vinavyoshibisha lakini visivyo na tunda wala mboga mbichi. Mzungumzaji yeyote anayewashauri wazazi wa nyanda hizi juu ya rangi tano za kopo hana haki ya kunyamaza kuhusu mtoto ambaye mgawo wake una rangi mbili. Bustani za magunia, yaani magunia yaliyojazwa udongo na kuoteshwa mboga ubavuni na juu, hazihitaji eneo kubwa, na majani machache ya mchicha au ya maboga yakichanganywa na mbaazi hubadilisha mlo huo kwa kiasi kinachoonekana.

Yaliyo mbele yanaweza kuanza kabla mvua za vuli hazijafika. Elimu ya Kujitegemea, falsafa iliyotangazwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967, iliacha katika shule nyingi urithi wa shamba la shule, na mashamba hayo mengi bado yapo, yakilimwa mahindi peke yake. Kamati za shule zinashauriwa kutenga sehemu ya shamba hilo kwa marando ya viazi lishe, ambayo yanaweza kugawiwa kwa wazazi mwishoni mwa msimu wa kwanza, na kuzungushia mipaka yake mipera, mipapai na miparachichi, ingawa matunda ya miparachichi itakayopandwa mwaka huu yataliwa na wadogo wa wanafunzi wa sasa. Wanachuo wa ualimu, kwa upande wao, wanaombwa kuandaa kalenda ya vyakula ya miezi 12 ya Kasulu na nyingine ya Kibondo, inayoonyesha ni mwezi gani uyoga wa miombo hutoka, lini embe huanguka, lini maharage mapya huvunwa na lini soko huwa tupu, ikabandikwa katika ofisi ya kila mwalimu mkuu na kusomwa kwa sauti katika mkutano wa wazazi wa kufungua muhula. Mkutano huo ukiisha, wazazi wachache wanaweza kubaki na kuonyeshana makopo waliyofunga asubuhi hiyo, wale wa mabondeni wakieleza yao na wale wa milimani yao, na mwalimu akiandika.

Mabibi na mabwana, maswali yanakaribishwa, na wanaoanza kuuliza wawe ni wale ambao jiko lao huwaka saa kumi na moja alfajiri.